"Sina Hata Thumni": Maana na Asili ya Msemo wa Pesa katika Kiswahili cha Mombasa

Utangulizi

Kizingo ni sehemu ya kusini ya kisiwa cha Mombasa, inayotazama bahari kuu na mlango wa Kilindini. Hapo pana Ikulu, pana majumba ya wakwasi yaliyozungushiwa kuta, na pana ufuo wa Mama Ngina ambako watu wa mitaa yote, kuanzia Mji wa Kale hadi Likoni ng'ambo ya maji, hukutana jioni kwa mihogo, mabuyu na madafu. Ni mahali ambapo mwenye nacho na asiye nacho hukanyaga barabara moja. Si ajabu basi kwamba mazungumzo ya pesa husikika sana hapo, na husikika kwa maneno ambayo hayakuandikwa katika noti wala sarafu yoyote ya Kenya. Aambiwaye kitu ni "pauni mbili" hutoa shilingi arubaini. Aambiwaye "soo" hutoa shilingi mia. Naye aliyeishiwa kabisa husema: "Sina hata thumni."

Makala haya yanachunguza msemo huo wa tatu. Wanafunzi wengi wa Kiswahili, hasa waliolelewa mbali na pwani, huuchukulia kuwa ni msimu tu, yaani lugha ya mitaani isiyo na haja ya kufafanuliwa. Wengine huifungua kamusi, wakakuta kuwa thumni ni sehemu moja ya nane, wakaridhika. Pande zote mbili zinapoteza jambo. Neno hili lina hesabu ndani yake, na hesabu hiyo inaweza kufanywa hatua kwa hatua mpaka ikatoa jibu lisilo na shaka. Asiyeifanya huishia kuyasoma vibaya maandishi ya kale, na huishia pia kuwafundisha wenzake kwamba neno lililodumu kupita sarafu zake zote ni "lugha ya vijana".

Maana na matumizi

Katika Kiswahili cha Mombasa, thumni ni sarafu ya senti hamsini, yaani nusu shilingi. Thumni mbili ni shilingi moja. Hiyo ndiyo maana ya kawaida, ambayo watu wazima wa Mombasa wameitumia sokoni na dukani kwa miaka mingi. Maana ya kimsemo imejengwa juu yake, lakini ina masharti yake ya kisarufi. Tazama mifano ifuatayo:

(a) Leo sina hata thumni, mwanangu.
(b) Amekula urithi wote, hakumwachia nduguye hata thumni.
(c) Kwa kazi hii sitoi thumni yangu.

Katika sentensi zote tatu kitenzi kimekanushwa. Msemaji wa sentensi (a) hana maana kwamba sarafu ya senti hamsini ndiyo aliyoikosa, huku noti anazo. Anachosema ni kwamba hana kitu kabisa. Ondoa ukanushi, na msemo unavunjika papo hapo: "Nina thumni" ni taarifa kuhusu sarafu moja iliyomo mfukoni, wala haimaanishi "nina pesa". "Ana thumni nyingi" haimsifu mtu kwa utajiri. Labda humcheka kwa kuwa mfuko wake unalia kwa vipande vya chenji. Kwa hiyo thumni ya msemo huishi chini ya kivuli cha ukanushi, na mara nyingi hufuatana na kihusishi "hata", ambacho kazi yake hapa ni kukishusha kiwango mpaka chini kabisa.

Muundo huu haukuzaliwa Mombasa peke yake. Bara husemwa "sina hata ndururu", na ndururu ni senti tano. Wafaransa husema hawana sou, ingawa sarafu ya jina hilo iliondolewa katika hesabu zao rasmi tangu zama za mapinduzi yao ya 1789. Wajerumani husema hawana Heller, na sarafu hiyo nayo haitumiki kwao tangu karne ya 19. Huyo Heller atarejea mbele katika makala haya, kwa kuwa alifika Afrika Mashariki akakaa.

Hata hivyo pana tofauti moja inayohitaji kuelezwa. Ndururu ilikuwa sarafu ndogo kweli. Thumni sivyo. Kati ya sarafu za senti, thumni ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Kwa nini basi mtu wa Mombasa aliyefilisika asiape kwa senti moja au senti tano, akaenda kuapa kwa senti hamsini? Swali hili halijibiki bila kwanza kujua thumni ilitoka wapi.

Asili ya neno

Neno lenyewe ni la Kiarabu: thumn, sehemu moja ya nane. Limeingia katika Kiswahili pamoja na ndugu zake wa akisami, robo, thuluthi, humusi, sudusi na ushuri. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili kukaa mwishoni mwa neno, hivyo kikaongeza irabu. Wengine wakaishia kwenye thumni, wengine wakaipasua nguzo yote na kupata thumuni. Mahali ambapo sauti th hugeuka s, kama ilivyo sehemu nyingi za bara na Tanzania, neno likawa sumni. Kimvita huitunza th, ndiyo maana Mombasa husikika thumni.

Pana maelezo mengine ya asili yanayovutia masikio, nayo ni kwamba thumni ni tamko la haraka la "thamani". Konsonanti ni zilezile, na jambo lenyewe ni la pesa, kwa hiyo mtu hushawishika. Ni kweli kwamba katika Kiarabu thaman, yaani bei, na thumn, yaani sehemu ya nane, huandikwa kwa herufi tatu zilezile. Lakini ni maneno mawili. Thumni ingekuwa ni thamani tu, isingekuwa na sababu ya kung'ang'ania kiasi kimoja maalumu, na tutaona punde kwamba imeking'ang'ania hasa.

Maana ya akisami haikufa Mombasa. Mwanafunzi wa madrasa anayesoma fungu la mirathi hujifunza kwamba mjane hurithi thumni ya mali ikiwa marehemu ameacha watoto. Hapo thumni ni moja ya nane, si senti hamsini, na hakuna mjane wa Mombasa anayechanganya mambo hayo mawili. Neno moja, kwa mtu mmoja, siku moja, huweza kumaanisha nusu ya kitu dukani na sehemu moja ya nane ya mali kwa kadhi.

Nusu na sehemu ya nane: hapo ndipo penye fumbo. Senti hamsini ni nusu ya shilingi. Sehemu ya nane ya shilingi ingekuwa senti kumi na mbili na nusu, na hakujawahi kuwa na sarafu kama hiyo. Basi thumni ni sehemu ya nane ya nini?

Dhana ya kwanza inayokuja akilini ni rupia, kwa kuwa kabla ya shilingi Mombasa ilihesabu kwa rupia. Rupia ilikuwa na ana kumi na sita, na kila ana ilikuwa na pesa nne, jumla pesa 64. Sehemu ya nane ya rupia ni ana mbili. Sarafu ya ana mbili ilikuwapo: Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyoitawala Mombasa kwa mkataba na Sultani wa Unguja, ilitoa sarafu za fedha za ana mbili, robo rupia na nusu rupia mwaka 1890. Lakini ana mbili hazitufikishi tunakokwenda. Rupia ilipogeuzwa hatimaye kuwa shilingi mbili, sehemu yake ya nane ilikuwa sawa na senti 25 za shilingi. Kama thumni ingetokana na rupia, leo ingekuwa senti 25. Dhana hii inaanguka.

Hesabu ya reale

Kabla ya rupia kushika pwani, sarafu kubwa ya biashara ilikuwa reale. Jina ni la Kihispania, lakini sarafu zilizoitwa hivyo zilitoka nchi mbalimbali, na waliozitumia waliwajibika kuzipambanua. Kamusi iliyomo katika kitabu cha sarufi cha Askofu Edward Steere, kilichotoka mwaka 1870, inataja reale ya Sham na reale ya mzinga. Reale ya mzinga ilikuwa ya Kihispania: upande mmoja ilichorwa nguzo mbili, na macho ya watu wa pwani yaliona mizinga. Mtu anayedhani kwamba kuzibatiza pesa majina kwa sura yake ni ujanja wa vijana wa leo na alikumbuke hilo.

Reale iliyotawala zaidi katika karne ya 19 ilikuwa ile ya Austria yenye sura ya malkia Maria Theresa. Ina tarehe ya 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, na iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo miaka mingi baadaye kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni na pwani yetu hawakutaka nyingine. Uzito wake ni gramu 28 hivi. Sarafu nzito kama hiyo haimfai mnunuzi wa kitoweo, kwa hiyo katika hesabu iligawanywa: nusu reale, robo reale, na thumni ya reale.

Sasa hesabu inaweza kufanywa. Reale moja ilikuwa karibu rupia mbili. Sehemu ya nane ya rupia mbili ni robo rupia. Basi mtu aliyezoea kuhesabu kwa reale, akapewa sarafu ya Kampuni ya robo rupia, alikuwa na jina tayari la kuiita. Baada ya Kampuni kuondoka na serikali ya Uingereza kushika, rupia iligawanywa kwa senti mia moja badala ya pesa 64, na mwaka 1906 zikatolewa sarafu za fedha za senti 25. Hiyo nayo ni robo rupia, hiyo nayo ni thumni. Mwaka 1920 rupia iliondolewa na florini ikashika nafasi yake kwa thamani ileile. Robo ya florini ikawa thumni. Florini haikudumu. Ilifuatwa na shilingi, ambayo sarafu zake zilianza kubeba tarehe ya 1921, na kiwango kilikuwa shilingi mbili kwa florini moja. Robo ya shilingi mbili ni senti hamsini.

Yaani reale iliyokuwa rupia mbili ikawa florini mbili, kisha ikawa shilingi nne, na shilingi nne ukizigawanya kwa nane unapata senti hamsini kamili. Sarafu ya 1906 iliandikwa 25 na sarafu ya 1921 iliandikwa 50. Maandishi yalibadilika, mfalme alibadilika. Neno halikubadilika, kwa sababu halikuwa likisoma kilichoandikwa juu ya sarafu. Lilikuwa bado linaigawa reale ambayo mfukoni haikuwapo tena.

Unguja inatoa jaribio zuri la hoja hii. Huko rupia iliendelea mpaka mwaka 1936, na ilipobadilishwa kiwango kilikuwa shilingi moja na nusu kwa rupia, si shilingi mbili. Robo ya rupia ya Unguja ilikuwa senti 37 na nusu. Kwa hiyo mlolongo unaotoa senti hamsini bila baki unakubali upande wa Mombasa na bara yake, wala haukubali Unguja. Sumni ya senti hamsini iliyojulikana Tanzania yote, ile ambayo baada ya uhuru ilipata picha ya sungura, haiwezi kuwa na chimbuko lake katika hesabu ya visiwani.

Kwa njia hiyohiyo inaelezeka "pauni" ya shilingi ishirini. Pauni ya Kiingereza ilikuwa shilingi ishirini, na serikali ya Kenya iliendelea kuandika bajeti zake kwa pauni za Kenya miaka mingi baada ya uhuru. "Soo" nayo ni mia katika Kigujarati. Hayo hayana fumbo kubwa.

Pesa, hela, na ngazi ya msemo

Limebaki swali la kwa nini msemo uliichagua sarafu hii. Jibu linapatikana kwa kutazama kilichoyapata majina ya sarafu ndogo zaidi.

Mwaka 1888 Kampuni ilitoa sarafu ya shaba ya Mombasa, yenye picha ya mizani, thamani yake moja ya 64 ya rupia. Jina lake lilikuwa pesa, neno lililotoka Bara Hindi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sarafu ndogo ya watu. Wakati huo "sina pesa", kwa maana yake ya neno kwa neno, ilikuwa ni sawa na kusema "sina hata kile kipande cha shaba". Leo pesa ni jina la fedha zote, za noti na za simu, na hakuna mwalimu anayeliita msimu. Upande wa utawala wa Wajerumani ilitokea vivyo hivyo: Heller iliingizwa mwaka 1904 kama sehemu moja ya mia ya rupia yao, nayo leo ni hela, jina la fedha zote kwa Watanzania. Sarafu iliyo ndogo kabisa hutajwa zaidi na maskini kuliko nyingine yoyote, na kwa kutajwa sana katika kukosekana kwake huishia kuwa jina la mali yote.

Lakini jina likishapanuka hivyo, haliwezi tena kufanya kazi ya kushusha kiwango. Msemo unahitaji kitu kinachohesabika na kidogo. Pesa ilipopanda cheo, nafasi yake ya chini ikabaki wazi, zikaingia senti. Nazo senti zilianza kuondoka moja moja kadiri bei zilivyopanda: senti moja, senti tano, senti kumi, kila moja ikafikia siku ambayo hakuna kilichouzwa kwa thamani yake. Thumni ndiyo iliyosalia nyuma ya wenzake. Ilikuwa kubwa kati ya senti, ikawa ndogo kati ya zilizobaki, wala haikuhitaji kubadilika yenyewe. Kwa maoni haya msemo ni kama ngazi ambayo kila mfumko wa bei huung'oa ukingo wake wa chini, na anayetaka kusema kwamba hana kitu hana budi kukanyaga wa juu yake.

Mtu anaweza kuuliza: mbona basi thumni nayo haikuwa jina la fedha zote? Pengine kwa sababu ya ile mirathi na ile akisami. Msemaji aliyepata kuhesabu robo na thuluthi analijua neno hili kuwa ni namba, na namba hailegei kirahisi ikawa mali kwa jumla. Hela na pesa hazikuwa na kizuizi hicho kwa masikio ya Mswahili.

Thumni darasani

Vitabu vya isimujamii vinavyotumika vyuoni huifafanua misimu kuwa ni maneno ya kundi dogo, yanayozuka na kutoweka upesi. Fasili hiyo inafaa kwa baadhi ya majina ya pesa. "Jirongo" ni mfano wazi: noti ya shilingi 500 ilipachikwa jina la Cyrus Jirongo, mwenyekiti wa kundi la vijana lililoipigia KANU kampeni mwaka 1992, na asiyekumbuka uchaguzi ule halioni jina hilo kuwa na mashiko. Kuiweka thumni katika kapu hilohilo ni kosa la vipimo. Neno hili lilikuwapo wakati wa reale, likapita rupia, florini, shilingi ya Afrika Mashariki, na shilingi ya Kenya iliyoanza mwaka 1966. Kwa kulinganisha, "senti hamsini" ambayo mwanafunzi huagizwa kuiandika badala yake haikuwezekana kusemwa Mombasa kwa maana hii kabla ya shilingi kufika.

Madhara hayakomei kwenye alama za insha. Mwanafunzi anayetafsiri barua au hati ya deni ya pwani ya karne ya 19, akakutana na thumni, ana mitego miwili. Akifuata matumizi ya sasa ataandika senti hamsini, naye atakuwa ameiingiza shilingi miaka thelathini au arubaini kabla ya kuwapo kwake. Akifuata kamusi ataandika "sehemu ya nane" bila kusema ya nini, na msomaji atadhani ni ya rupia, hivyo deni litapunguzwa nusu. Kumpunguzia mdai nusu ya haki yake kwa kosa la akisami si jambo dogo, hata kama mdai mwenyewe amekwisha kufa. Kamusi zetu zingefaa kueleza kwa maneno machache tu: thumni ya reale, na baadaye robo ya rupia, na baadaye nusu ya shilingi. Nafasi ya mstari mmoja inatosha.

Kuna sababu ya kuharakisha. Sarafu mpya zilizotolewa na Benki Kuu ya Kenya mwezi wa Desemba 2018 ni nne, nazo ni shilingi moja, tano, kumi na ishirini. Chini ya shilingi hakuna kitu. Malipo kwa simu, yaliyoanza na M-Pesa mwaka 2007, yameondoa hata mlio wa chenji mfukoni. Nusu shilingi imebaki kuwa tarakimu baada ya nukta katika bei ya petroli na katika risiti, na tarakimu hiyo hakuna anayeiita thumni. Kwa mtoto anayekulia Kizingo sasa, sentensi "Nipe thumni" haina cha kuashiria, na "thumni mbili ni shilingi" ni habari za wazee. Upande wa uyakinishi wa neno umefungwa. Kinachosikika ufuoni ni kile tu kilicho chini ya ukanushi: sina hata thumni, hakuacha hata thumni, sitoi thumni. Msemaji wa miaka kumi na mitano huitamka kwa usahihi, mahali pake, kwa th ya Kimvita, akiikanusha sarafu ambayo hakupata kuishika.